Viatu vya Mtoto wa Mwakani

Nimesoma mpaka kidato cha nne na sijawahi kuvaa sare iliyonitosha. Naliweka hili mbele asije mtu akadhani nataka kulia umaskini. Hatukuwa maskini. Kwetu Iringa, upande wa Tosamaganga, tulikuwa na shamba la mahindi, ng'ombe wa maziwa, na nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo baba aliiacha imeshaezekwa. Hela ya kiatu ilikuwepo. Kilichokuwa hakipo ni ruhusa ya kununua kiatu cha mguu uliopo. Mama alinunua kiatu cha mguu utakaokuja.

"Atakulia humo," alisema.

Alilisema dukani, alilisema kwa fundi, alilisema kanisani akina mama walipomsifia kwamba watoto wake wana sare mpya. Nao walilisema kwa watoto wao. Wenye maduka walilijua mpaka wakaacha kuuliza. Ukiingia na mtoto, muuza viatu anautazama mguu, anaruka namba mbili tatu, analeta boksi. Mama anaingiza vidole nyuma ya kisigino, vinapita vizuri, anafurahi. Nafasi ile nyuma ya kisigino kwake ilikuwa akiba, sawasawa na mahindi darini.

Sketi zilikuwa hivyo hivyo. Sketi mpya ilishonwa na pindo pana kama kiganja, limekunjwa ndani, na kila Januari mama alikaa barazani na wembe akafumua, akashusha kidogo, akashona tena. Pale pindo lilipokuwa pakabaki mstari wa bluu ambayo haijawahi kuona jua. Darasa la saba sketi yangu ilikuwa na mistari chini kama kisiki kilichokatwa. Ungeweza kunisoma umri.

Na sweta. Sweta la kidato cha kwanza lilifumwa mjini na mwanamke mwenye mashine ya kufuma, kwa kipimo cha msichana ambaye mimi bado sijawa. Mikono niliikunja ikawa mirija minene kwenye viwiko. Watu wa Dar wakisikia sweta wanacheka, lakini Iringa mwezi wa sita si mchezo, na sweta kubwa halishiki joto. Linakaa mbali na mwili kama mtu mliyegombana naye. Nililingoja sweta lile. Kidato cha nne likanitosha, mabega yakakaa mahali pa mabega, nikajitazama kwenye kioo cha bwenini nikajiona mtu. Viwiko vilikuwa vimeshatoboka na shingo imelegea. Nilipofika likizo mama akalishika, akaligeuza, akasema hili sasa limekwisha, tulifanye dekio.

Sijui kama mnanielewa. Kwanza kubwa, kisha limechakaa. Siku ya kunitosha tu haikuwepo, au ilipita nikiwa nimelala.

Kiatu kikubwa kina mwendo wake, na mwendo huo hufundishwi, unaupata. Huinui mguu, unauburuza. Vidole unavikunja ndani vishike soli, kama kuku aliyeshika kijiti. Ukiambiwa kimbia unatafuta sababu. Siku za michezo shuleni nilishika makoti ya wenzangu, nikapiga makofi, nikawa mtazamaji hodari. Walimu waliandika kwamba mimi ni mtulivu. Mtulivu wapi. Nilikuwa nimebeba viatu.

Nilipoposwa nikadhani yamekwisha. Mama akanishonea gauni la send-off. Kitambaa kizuri, rangi ya maziwa, nilichagua mwenyewe. Fundi alinipima, nikaenda zangu, siku mbili kabla ya sherehe nikalivaa: tumboni limeachwa pana, kifuani limeachwa pana, pembeni zipu ndefu.

"Mama, hili vipi?"

"Utapata ujauzito, utalivaa. Utanyonyesha, utalivaa. Kitambaa cha hela yote ile ukivae siku moja?"

Nikaingia ukumbini nimevaa hema. Shangazi zangu wakatazamana. Upande wa mwanaume wakatazamana zaidi. Nilikuwa sina mimba, sikuwa na kitu, lakini ukumbi mzima ulinitazama tumboni, mashangazi wa bwana harusi wakaanza kunisogezea kiti. Picha zipo. Ninatabasamu humo kama mtu anayesingiziwa. Na gauni lenyewe, nilipopata ujauzito kweli, nilikataa kulivaa. Lipo kwenye sanduku mpaka leo, jipya kabisa. Hiyo ndiyo akiba.

Sasa naishi Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya. Mume wangu ni fundi wa mota za makarasha kule Chunya, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kwa hiyo nyumbani anakuja anapokuja. Mimi nauza mchele. Unatoka Usangu kwa magunia, naupepeta, nautenga: mchele wa juu kwa wateja, chenga, punje zilizovunjika, kwa watoto wangu na mimi. Hilo la chenga nitalirudia, msidhani nimelisahau.

Mwaka jana mwishoni nilijifungua mtoto wa pili, na mama akaja kutoka Iringa kunilea, kama mila inavyotaka. Alikuja na mahindi, maharage, kuku wawili, na mfuko mmoja alioushika mkononi njia nzima. Ulikuwa wa mkubwa wangu, wa miaka sita, aliyekuwa anasubiri kuingia darasa la kwanza. Mle ndani kulikuwa na sare yote: sketi, mashati, sweta, viatu vyeusi vya kamba.

"Njoo hapa, mke mwenzangu," mama alimwita. Bibi na mjukuu wa kike huitana hivyo. "Njoo tukuvishe bwana asikukimbie."

Mtoto akavaa. Sweta likafika magotini. Sketi ikafika kwenye vifundo. Kwenye viatu mama alishajaza pamba mbele, ameikunja vizuri kabisa kama anavyokunja kila kitu. Mtoto akageuka geuka, anacheka, tukacheka wote, jirani akaitwa aje aone.

"Mpaka darasa la tatu huyo," jirani akasema kwa heshima.

"La nne," mama akasema.

Nami nikasema asante mama. Nilikuwa na kichanga kifuani na mgongo unaniuma, na ilikuwa zawadi.

Januari Mbalizi ni tope. Mvua inanyesha mchana, njia ya shuleni inateremka, na lile tope jekundu linashika. Siku moja wiki za mwanzo nilimwachia mama kichanga nikaenda kumchukua mkubwa, maana mawingu yalikuwa yameshuka. Nilisimama chini ya mteremko nikawaona wanatoka. Watoto waliona mvua inakuja, wakaanza kukimbia, wanapiga kelele, mabegi yanaruka mgongoni. Wangu alikuwa nyuma. Anaburuza. Mwendo ule ule. Mguu hauinuki, vidole vimeshika, mwili mzima umeinama kidogo mbele kama mzee anayevuka mto. Nilijiona. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilijiona nikiteremka kutoka shuleni Iringa.

Kiatu kikanasa. Mguu ukatoka, soksi ikaingia kwenye tope. Mvua ikaanza. Wenzake wakanipita mmoja mmoja. Na yeye hakulia. Angelia ningemfuta machozi, hadithi ingeisha hapo. Alichuchumaa, akakivuta kiatu kwa mikono miwili, akakipangusa na majani, akairudisha pamba iliyokuwa imetoka, akaingiza mguu, akakaza kamba. Taratibu. Kwa subira ya mtu aliyeambiwa kwamba viatu ndivyo vilivyo.

Nilipomfikia nikamwambia, "Kwa nini hukukimbia na wenzako?"

"Nikikua nitakimbia," akasema. "Bibi amesema nikikua vitanitosha."

Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani, na sare yake ya darasa la nne ikinidondoshea maji. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Kwa mama? Mama aliuza kuku akanunua vile viatu. Kwa nani basi? Miaka sita tu ya kuishi, na mtoto ameshajifunza kwamba mwenye haki ya kukimbia ni yule mtoto mwingine atakayekuja mwakani, na yeye kazi yake ni kumtunzia vitu.

Jumamosi nikamwambia mama naenda sokoni, nikambeba kichanga, nikamshika mkubwa mkono. Hela ilikuwa yangu, ya mchele. Nilikuwa nimeiweka ya kuongezea gunia. Gunia likasubiri. Vitu vingi vilisubiri kabla yake.

Muuza viatu alikuwa kijana mwenye mdomo. Akautazama mguu wa mtoto, akaruka namba zake, akaleta boksi.

"Lete namba yake," nikasema.

"Ndiyo hii."

"Namba yake. Ya mguu huu."

Akanitazama kama nimemtukana. Akaleta. Vikaingia, vikakaa. Kidole changu hakikupita nyuma.

"Dada, ngoja nikwambie ukweli, mimi muuzaji lakini nina dhambi zangu za kutosha. Hivi Pasaka vitakuwa vimeshambana. Utarudi hapa unilaumu."

"Nitarudi ninunue vingine."

"Kumbe shemeji anachimba dhahabu?"

"Anachimba hasira. Funga hivyo."

Akacheka, akainama kufunga, ndipo akaviona vyangu. Nilikuwa nimevaa vya kwendea kanisani, vyeusi vya kufunika.

"Na hivyo? Ni vya shemeji?"

"Ni vyangu."

"Namba ngapi?"

"Arobaini."

Hakubishana. Alichukua kiatu kimoja cha kike rafuni, akaweka chini, akaniambia weka mguu hapo. Nikavua changu. Pamba ikatoka nacho. Nilisimama pale sokoni, mwanamke wa miaka ishirini na saba, mtoto mgongoni na mtoto mkononi, na kipande cha pamba kimekaa chini mbele ya watu kama panya aliyekufa. Arobaini ilikuwa namba niliyonunuliwa nilipoenda kidato cha kwanza. Nilikuwa nimeendelea kuitaja kila dukani bila kufikiri, na kila kiatu nikakiwekea pamba, nikaamini kwamba hivyo ndivyo watu wanavyovaa. Mguu wangu ni thelathini na saba. Nimeshazaa mara mbili na bado nilikuwa nasubiri mguu ukue.

Nikanunua na vyangu. Sikuuliza punguzo, na nasema hili nikijua kwamba kuna watu wanaosoma hapa watasikia maumivu. Mimi ni mfanyabiashara, najua kubishana bei mpaka muuzaji aniombe msamaha. Siku ile sikutaka. Nilitaka kununua kitu bila kukinyang'anya.

Kutoka pale tukaenda kwa fundi cherehani, mzee wa Kinyakyusa anayekaa kwenye baraza ya duka la dawa za mifugo. Alimpima mtoto kiuno, akataja namba kwa sauti, akaandika nyingine.

"Baba, umeandika nyingine."

"Nimeacha ya kukulia."

"Sijakuambia uache."

"Hakuna anayeniambia, mama. Ni kazi yenyewe."

"Mshonee mtoto huyu aliyesimama hapa. Huyo mwingine akija nitakuletea."

Akatikisa kichwa, akafuta, akaandika. Niliporudi siku mbili baadaye kuchukua, kiuno kilikuwa sawa, urefu ulikuwa sawa, mtoto alipendeza. Nikaigeuza sketi ndani. Pindo. Pana kama kiganja.

"Hilo ni bure," fundi akasema haraka. "Sijakutoza. Kitambaa kilibaki."

"Naomba mkasi."

"Wa nini?"

"Nipe tu, baba."

"Punguza hasira, Mhehe. Pindo limekukosea nini? Halionekani. Likae, siku moja utalihitaji."

Naye alikuwa sawa, halionekani. Lakini namjua mama yangu. Pindo likiwepo atalishusha. Nitaenda sokoni kuuza mchele, nitarudi, sketi itakuwa imefika kwenye vifundo na mstari wa kwanza umeshachorwa. Nikamweleza fundi hivyo. Akakuna shavu.

"Na ukilikata, mwanamke mwingine akiiona hii sketi atasema nimeiba kitambaa. Atasema fundi yule mwizi, hata pindo haachi."

"Mwambie ni mimi."

Nikalikata mwenyewe, nikaacha kidogo tu la kushonea, taratibu, maana tangu nizaliwe sikuwahi kuona kitambaa kizima kikikatwa kwa makusudi. Mzee akakiokota kile kipande akakikunja mfukoni. Hakitapotea, najua. Kuna mtu Mbalizi ana mfuko wa kalamu wa bluu.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amekaa jikoni anachagua maharage. Mtoto akaingia kwa kukimbia. Alikimbia kutoka getini mpaka jikoni, akageuka, akakimbia tena mpaka getini, bila sababu yoyote. Mama akatazama miguu, kisha sketi, kisha mimi.

"Vile nilivyoleta vimefanya nini?"

"Vinamtoka, mama. Vinanasa kwenye tope."

"Ongeza pamba."

"Sitaki pamba."

"Umetajirika." Akaendelea kuchagua maharage. "Mimi niliwasomesha bila baba, kwa sweta moja moja. Wewe lako lilikupeleka miaka minne. Ningekununulia la kukutosha, kidato cha tatu ungevaa nini? Ungekaa uchi?"

Nakiri lilikuwa swali. Lakini sikuwa nimekuja kujibu maswali.

"Ungeninunulia lingine."

"Kwa hela gani?"

"Ile uliyoiweka ukanunua bati za banda. Banda la ng'ombe lilikuwa na bati jipya, mama. Ng'ombe hawakuambiwa wasubiri wakue."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Unanilinganisha na ng'ombe."

"Najilinganisha mimi. Na gauni langu la send-off, ulimwambia fundi aache tumbo. Watu wote walidhani nina mimba. Ulijua?"

"Walidhani. Wakakuta huna. Ikaisha."

"Kwangu haikuisha."

"Kwa hiyo umenisubiri nije kukulea uzazi ndiyo unihukumu." Akainuka, akapangusa mikono kwenye kitenge. "Sawa. Wewe mwenye hela tumia hela. Utakapolia usije kwangu."

Jioni ile nilipika wali. Nilifungua gunia la wateja, nikachota mchele wa juu, ule mrefu unaonukia mpaka barabarani, nikaupika kwa ajili ya nyumba yangu. Mama akauonja, akajua mara moja.

"Na huu utauza nini?"

"Nitauza chenga."

Hakumaliza sahani. Kesho yake asubuhi alifunga mzigo akarudi Iringa, siku zangu za uzazi hazijatimia. Vile viatu vikubwa aliondoka navyo. Mkubwa wangu alilia getini, mimi sikulia, nilikuwa nimeshika kichanga kinacholia pia. Mume wangu akapiga simu kutoka Chunya, nyuma yake makarasha yanagonga.

"Mama watoto, mama anasema umemfukuza kwa ajili ya viatu."

"Sijamfukuza."

"Basi mwombe radhi yaishe. Viatu tu hivyo."

"Kama ni viatu tu, kwa nini mimi ndiye niombe?"

Mashine zikagonga. "Mimi namwogopa mama yako," akasema mwishoni. "Na wewe nakuogopa. Nitatuma hela, kula vizuri." Huyo ndiye mume wangu, na simlaumu.

Kwa hiyo nililea kichanga peke yangu. Ulikuwa ni ujinga, ilikuwa kazi, nilichoka mpaka nikausahau uso wangu. Kuna asubuhi niliuchukia uamuzi wangu wote, viatu na mkasi na mchele. Ningeweza kumpigia mama, angekuja, namjua, angepanda basi la kwanza. Lakini angekuja na mfuko. Nikatazama mlangoni nikamwona mtoto anaruka kamba kabla ya kwenda shule, na kiatu kimekaa mguuni kama ngozi, nikaiweka simu chini.

Na vilimbana, ndiyo. Yule kijana wa viatu hakukosea sana. Pasaka ilipita, ikafika likizo ya mwezi wa sita, mtoto akaanza kusema vidole vinaguswa. Likizo hiyo nikafunga mzigo, nikabeba wote wawili, nikaenda Iringa. Sikuwa nimeomba radhi na sikuwa na nia.

Mama alitupokea mlangoni. "Kamwene," akanisalimu kama mgeni, nami nikaitikia kama mgeni. Lakini kichanga alikichukua kabla sijashusha begi. Tulikunywa chai, hatukuongea la maana. Aliinama akamfungua mkubwa viatu, akavigeuza, akagonga soli kwa ukucha.

"Vimeshambana."

"Vimembana."

"Na soli bado nzima kabisa." Akafikiri. Niliiona hesabu ikipita usoni mwake. "Mtoto wa kaka yako ana mguu mdogo. Vitamtosha vizuri, atavimalizia. Kumbe basi hukupata hasara."

Alilisema kwa upole, na nilijua ni mkono anaoninyooshea. Nilijua kabisa. Ningesema ndiyo mama, yangekwisha pale pale na chai ingekuwa tamu.

"Mpe mtoto wa kaka," nikasema. "Lakini hata ningevitupa, ningevinunua tena. Sikununua ili visiwe hasara."

"Mkaidi wewe."

"Ndiyo."

Akanitazama miguuni, muda mrefu. "Na hivyo ulivyovaa?"

"Thelathini na saba."

"Sikujua una mguu mdogo hivyo," mama akasema. Kisha akageukia kichanga.

Kesho yake alivaa kitenge kizuri, akasema twende mjini, yeye anamnunulia mjukuu viatu, hela ya maziwa ipo. Nikasema sawa. Tukaingia kwenye duka moja la barazani, mteremko kidogo kutoka sokoni. Muuzaji akautazama mguu, mama akataja namba. Niliisikia namba ile.

"Mama."

"Moja tu. Moja si kitu. Nimekupunguzia."

"Alete ya kwake."

"Hela ni yangu."

"Na mguu ni wake."

Muuzaji akasimama na kiatu kila mkono, anatutazama kwa zamu. Watu wawili waliokuwa wakichagua kandambili wakaacha kuchagua. Mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi na soksi zake, akasema, "Naomba nikimbie kwanza."

Hatukumwelewa, muuzaji ndiye aliyeelewa. Akamvalisha vile vya bibi kwanza. Mtoto akateremka ngazi, akaenda hatua chache barazani, akasimama, akatazama chini. Akarudi, akakaa, akavivua mwenyewe, akampa bibi mkononi. Akavalishwa vile vingine. Akateremka ngazi akakimbia. Alipita duka la jirani, akapita wauza parachichi, akafika kwenye kona, tukamwona anageuka, na badala ya kurudi akapotea kule nyuma ya kona, viatu havijalipiwa.

"Rudi, mke mwenzangu," mama akaita. Hakurudi.

"Mama," muuzaji akasema, "hivyo vimeshaondoka."

Mama alifungua fundo la kitenge taratibu, akatoa hela, akaipangusa kabla ya kuitoa, kama afanyavyo siku zote. Alikuwa amekasirika na alikuwa anatazama kona.

"Vitaisha mwaka huu huu hivyo."

"Viishe," nikasema. "Viishe yeye akiwa ndani."